Tanuri Lililogeuka Chokaa

Mkate wa dukani siuli. Mtu akinialika kwake akaniwekea mkate mweupe kwenye sahani, nakunywa chai yake, namshukuru, na mkate nauacha pale pale ulipo. Wanaonijua wamezoea. Wasionijua huniona mzee mwenye maringo, nao hawakosei. Mkate ninaoula kwangu ni wa ngano nzima, ngano na makapi yake, nimeukanda kwa mikono hii iliyokata mawe tangu sijaota ndevu, na nimeuoka ndani ya tanuri nililolijenga mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza nililijenga vibaya. Nitalisimulia na hilo, maana bila hilo mkate huu usingekuwepo.

Shule niliingia nikatoka. Nilifika darasa la tatu, baba akafariki, nami nikaenda timboni, kwenye shimo la kukatia mawe, kusini ya Ukunda. Huko nilishika shoka na mtaimbo na watu wazima. Mawe yetu ya pwani ni matumbawe. Bahari iliyaacha nchi kavu zamani, nasi tunayakata yakiwa laini, na yakipigwa na hewa yanakuwa magumu. Nikajifunza kukata, nikajifunza kupanga, nikajifunza kusoma ukuta kwa jicho bila kamba. Baadaye nikawa na mafundi wangu. Ukipita barabara ya Diani ukaona kuta ndefu zinazoficha nyumba za wakubwa, nyingine ni zangu. Wenye nyumba wana hati, mimi nina ukuta. Kwangu Msambweni ni mawe hayo hayo: nyumba, kisima, kibaraza, banda la mbuzi. Kila shida iliyonijia duniani niliitatua kwa jiwe, na jiwe halikuwahi kuniangusha. Kumbukeni hapo.

Mke wangu na mimi tulikuwa na saa yetu. Asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, tunakaa kibarazani, chai katikati yetu, mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Tulifanya hivyo tangu watoto wako mgongoni mpaka watoto wakaondoka wakaenda kwao. Hatuzungumzi mengi. Yeye anasema nani kajifungua, mimi nasema nani kajenga vibaya. Basi. Lakini siku isiyo na kibaraza hicho, kwangu haikuanza.

Kisha akapata kidonda kwenye kidole cha mguu. Kidogo tu, kama amekwaruzwa na kifuu. Akakitia mafuta, akakisahau. Kidonda hakikumsahau. Tulipokwenda hospitali wakampima damu, daktari akatuambia sukari imepanda sana, na mguu wa mtu mwenye sukari si mguu wa kuchezea. Akampa dawa. Akamwambia aache chai ya sukari, aache mahamri, aache mkate mweupe. Kama lazima ale mkate, ale wa ngano isiyokobolewa, tena kwa kiasi. Mke wangu aliitikia kila neno, "Naam daktari, naam daktari," huku macho yako dirishani. Nilijua anamwona nani. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, akamaliza maisha yake akitambaa uani.

Ungedhani mtu mwenye kumbukumbu hiyo hatagusa tena mahamri. Mimi nilidhani hivyo. Lakini siku moja nilimwona anatoka uchochoroni, pembe ya kanga imefungwa fundo, na fundo linatoa mafuta.

"Umebeba nini?" nikamuuliza.

"Vitunguu."

"Vitunguu gani vinanukia iliki?"

Aliingia jikoni akafunga mlango, na nyuma ya mlango nikasikia anakula.

Mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Nilivaa kofia nikaenda moja kwa moja kwa muuza mahamri, mwanamke wa rika letu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, anayekaanga uani kwake na wateja wamesimama na visahani. Nilimsalimia, nikamwambia mbele yao wote asimuuzie mke wangu mahamri tena.

Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anageuza mahamri kwenye karai. "Shemeji," akasema, "ulimuoa yeye au ulioa tumbo lake?"

Watu wakacheka. Nikamwambia mke wangu ana sukari na mguu wake una kidonda. Kicheko kikakatika. Muuza mahamri akaweka kijiko chini, akaniangalia.

"Pole. Sikuambiwa," akasema. "Simuuzii tena. Lakini hilo ungekuja kuniambia mimi na wewe. Sasa limesikiwa na mtaa."

Lilisikiwa na mtaa. Lilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Umenifanya mtoto mbele za watu," akasema.

"Mtu mzima hafichi mahamri kwenye kanga."

"Na mtu mzima hatangazi kidonda cha mkewe karaini."

Kesho yake chai yangu ilikuwa kibarazani, kikombe kimoja. Yake aliinywea jikoni. Kesho kutwa vile vile. Akawa ananisalimia, ananipikia, ananijibu nikiuliza kilipo kitu, lakini kuketi na mimi, hapana. Kula na mimi pia akaacha, na alichokuwa anakula huko jikoni sikukijua. Pengine alimtuma mtu kwa muuza mahamri mwingine. Msambweni haina muuza mahamri mmoja tu. Kidonda kikazidi kupanuka. Daktari alipokiona mara ya pili alikunja uso, akasema hapendi rangi yake, na kama mambo hayabadiliki watazungumza mazungumzo mengine. Sote wawili tulielewa mazungumzo gani.

Mimi nikafanya ninavyofanya siku zote kitu kikiharibika. Nikatafuta namna ya kukijenga.

Nilianza na mkate wa kahawia wa dukani. Mke wangu alivunja kipande, akakinusa, akakirudisha mezani. "Huu ni ule ule mweupe," akasema, "umepakwa rangi." Nikaonja. Kweli, ulikuwa laini kama pamba na mtamu kama keki. Nikamwendea kijana anayepanga chumba nyuma ya nyumba yangu. Kijana ninavyosema mimi, lakini ana mke na watoto huko bara. Alikuja Diani kutafuta kazi ya hoteli, akaipata kwenye chumba cha mikate. Mkristo, mtu wa adabu, Jumapili utamsikia anaimba tangu anaoga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepika mikate ya wazungu?"

"Ni mimi, mzee. Niko bakery."

"Nifundishe."

Akacheka, akidhani natania. "Nikufunze wewe kupika mkate?"

"Mimi nimefundisha watu kujenga nyumba. Mkate utanishinda kwa nini?"

"Sawa mzee. Unataka gani? White, brown, ama ile ya mbegu mbegu?"

"Ngano nzima. Isiyochekechwa, isiyotiwa rangi, isiyotiwa sukari."

Akakuna kichwa. "Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, mzee."

"Ndiyo ninayoitaka."

Akaniambia hata unga wa pakiti unaoandikwa ni wa ngano nzima hauaminiki wote, heri nisage mwenyewe. Nikaenda Ukunda kwa wenye nafaka, nikapata ngano iliyotoka bara, nikaichambua kwenye uteo mawe na majani, nikaipeleka kwenye kinu wanachosagia mahindi. Mwenye kinu akamwaga ngano yangu juu ya mabaki ya mahindi ya mtu mwingine. Unga wa kwanza uliotoka ulikuwa mweupe na wa manjano. Nikamwambia huo nitawapa kuku, sasa anisagie ngano.

"Mzee, unga ni unga," akasema.

"Ungekuwa unga ni unga nisingekuja na gunia langu."

Akasaga. Ukatoka unga wa rangi ya mchanga wa mto, wenye makapi, wenye harufu ambayo sikuwahi kuisikia kwenye pakiti. Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa na joto la kinu.

Kukanda hakukunisumbua. Yule mtu wa bara alisema maneno mengi, unga huu unakunywa maji, usiufanye mkavu, uache ulale kidogo unywe, kisha uukande. Nilipotia mkono tu nikajua anasema nini. Ni kama lipu. Lipu ikiwa kavu haishiki ukutani, ikiwa na maji mengi inateleza; kuna pahali pake katikati, na pahali hapo huonyeshwi, unapajua kwa kiganja. Alinitazama ninavyokanda akaacha kunielekeza. Kosa langu la kwanza lilikuwa hamira. Niliweka kwa kipimo cha mahamri nilichozoea kumwona mke wangu akiweka, na kwa joto letu donge likaumuka haraka, likafurika nje ya beseni, kisha likaanguka likawa kama mtu aliyekata tamaa. Kijana akaniambia hotelini chumba chao kina baridi, donge linapanda polepole. Huku kwetu niweke hamira kidogo na nilifunike mahali penye kivuli. Sawa. Nikakubali. Kipya nakubali nikikiona kwa macho.

Tatizo lilikuwa moto. Nilioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama wanavyofanya wanawake wetu mkate wa kumimina. Chini ukaungua, juu ukaungua, katikati ukabaki uji. Donge la ngano nzima ni zito, linataka moto unaozunguka, moto uliotulia.

"Mzee, hii inataka oven," kijana akasema.

"Nitajenga."

"Utajenga na nini?"

Nikamwangalia kama mtu aliyeniuliza samaki anaogelea na nini. Uani kwangu kulikuwa na mawe mazuri yaliyobaki kwenye kazi yangu ya mwisho, matumbawe meupe, safi, niliyoyachagua mwenyewe timboni.

Nililijenga tanuri hilo kama mtu anayejenga mihrabu. Niliyakata mawe madogo madogo, nikayapindisha yakafanya kuba, kila jiwe likikaa kwenye bega la mwenzake. Mafundi wangu wa zamani walikuja kutazama. Mmoja alisema angetaka kuzikwa ndani yake. Kijana wa bara akapiga picha kwa simu. Mke wangu alipita mara moja, anachechemea kwa mkongojo, akasimama, akatazama kuba langu, akatazama kuni za mvinje nilizozipanga pembeni. Akatia pembe ya kanga mdomoni kama anayezuia chafya, akaingia ndani. Nikasema moyoni, hata yeye limemshinda kulisifu.

Siku ya kuliwasha nilitia magogo ya mvinje kutwa nzima. Tanuri jipya linataka kukaushwa, na mimi sikutaka lawama ya moto mdogo. Ndani mkawa mwekundu mpaka mawe yenyewe yakawaka. Mara nikasikia, pa. Nikasema ni kuni. Ikalia tena, pa, pa, na kibanzi kikaruka kikanipita sikio. Nikasema ni kuni zina maji. Nikayatoa makaa, nikachukua gunia bichi kupangusa sakafu ya ndani kama nilivyofundishwa. Gunia lilipogusa jiwe, jiwe likatoa sauti kama maziwa yanayochemka, na moshi mweupe ukanipiga usoni. Nikasema ni mvuke.

Niliingiza mkate. Niliungoja. Niliutoa. Ulikuwa umefunikwa vumbi jeupe kama aliyetoka kusaga. Nikaupiga kofi, nikaupuliza, nikamega pembe nikatia kinywani mbele ya kijana wa bara na mafundi wangu wawili.

Ulimi uliniwaka. Uliniwaka namna ya mtu aliyekula tambuu iliyowekwa chokaa kupita kiasi, mpaka machozi yakatoka. Na wakati nimesimama hivyo, kinywa wazi, kuba langu likashuka katikati kama mtu anayekaa kitako taratibu, na vumbi jeupe likapanda juu ya mwembe wa jirani.

Kikaja kicheko kutoka mlango wa jikoni. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mkongojo umeanguka, anacheka mpaka ameshika mbavu. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu siku ya karai.

"Umeuonaje mkate wako?" akaniuliza.

"Umeungua."

"Mkate haukuungua. Kilichoungua ni jiwe. Njoo unywe maji, usiyameze, sukutua uteme."

Nikasukutua. Akangoja nimalize.

"Baba yangu alikuwa akifanya kazi gani?" akaniuliza.

Nikapangusa vumbi kwenye kofia.

"Nakuuliza. Baba yangu alikuwa nani hapa Msambweni?"

"Mchoma chokaa," nikasema.

"Akichoma nini?"

Mafundi wangu wakageuza nyuso. Marehemu mkwe wangu alikuwa akipanga magogo kwa duara, juu yake akimwaga mawe ya matumbawe, akiwasha moto. Yakishaiva alikuwa akiyarashia maji, yanalia, yanatoa moshi, yanapasuka, yanakuwa chokaa. Nilikuwa nikienda kwake kununua chokaa ya kujengea. Ndiko nilikomwona binti yake amekaa na chekeche, mweupe mpaka kwenye kope. Nilijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini jiwe kwangu lilikuwa ukuta, na moto ulikuwa jambo la watu wengine.

"Baba aliyachoma mawe haya apate chokaa," mke wangu akasema. "Wewe umeyachoma upate mkate."

"Uliniona najenga. Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Muuza mahamri ulimwambia mambo yangu. Huyu kijana wa bara ulimwambia. Mwenye kinu ulimwambia. Mkate ni wangu, mguu ni wangu, na mimi ndiye sikuambiwa kitu. Nikasema, mwache achome."

Kijana wa bara akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kumbe ulijua?"

"Mwanangu, hata mbuzi wake walijua. Hukuona walivyohama upande huu wa ua?"

Ningeweza kukasirika. Watu walikuwepo, na mimi sina mazoea ya kuchekwa uani kwangu. Lakini nilimtazama mke wangu pale kizingitini, machozi ya kucheka yanamtiririka, mguu umefungwa kitambaa cheupe, nikaona kwamba sijakaa naye karibu hivyo tangu chai ya mwisho. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Sasa tanuri hujengwa kwa nini?" nikamuuliza.

Alijifuta macho kwa kanga. Alijifuta taratibu, alitaka nilisikie swali langu mwenyewe.

"Bibi yangu alikuwa na mofa," akasema. "Ya udongo wa kichuguu. Mchwa wameshautafuna, hauna mawe ndani yake, hauogopi moto."

Udongo ulitoka juu, upande wa Kwale, shambani kwa shemeji yangu, kwenye kichuguu kirefu kuliko mimi. Ulikuja kwa magunia kwenye tuktuk. Mke wangu alikaa kitini kwenye kivuli akawa msimamizi wa kazi. Nimefanya kazi chini ya wahindi, wazungu na mahaji, na sijapata msimamizi mkali kama yule.

"Udongo unakanyagwa kwa miguu," akasema. "Mimi mguu ninao mmoja na nusu. Kanyaga wewe."

Nikakunja suruali nikakanyaga. Tulichanganya na mchanga, na majivu, na nyuzi za makumbi ya nazi alizozichambua mwenyewe zikawa laini kama nywele. Kila nikisema umeshalainika, anatia kidole, anasema bado. "Ukuta wako ulikuwa ukiujenga kwa haraka hivi? Ndiyo maana wakubwa wa Diani wanaweka mbwa." Nikakanyaga tena. Tulilifinyanga juu ya kapu lililojazwa mchanga, tukaliacha likauke bila haraka, tukaliwasha mara ya kwanza kwa vifuu tu, kisha kuni ndogo, kisha kuni za kweli. Halikulia pa hata mara moja. Lilinyamaza likashika joto kama mtu anayeshika siri.

Yale mawe yaliyoungua tuliyarashia maji. Yakapasuka yakawa chokaa nzuri kabisa, laini, nyeupe. Mke wangu alisema baba yake asingeona aibu kuiuza. Nilipaka ukuta wote wa jikoni, nikabakiwa na ya kupaka banda la mbuzi.

Mkate wa kwanza wa tanuri la udongo ulitoka mzima. Ganda gumu, katikati pamekauka vizuri, ukiugonga chini unaitika kama mlango wa mti mzuri. Kijana wa bara alikula nusu nzima amesimama. "Mzee, hii hata hoteli hawana," akasema, na sikubishana naye. Nikamkatia mke wangu kipande, nikampelekea jikoni. Alikula kidogo akakiweka.

"Mzuri," akasema.

"Sasa mbona umekiweka?"

"Ni mzuri. Ni mkate wa wageni wa hotelini. Nikifumba macho sijui niko wapi."

"Unataka uwe wapi?"

"Kibarazani kwangu, asubuhi."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ningemuuliza zamani ningekijua. Hakuwa akiiba sukari. Alikuwa akiiba asubuhi yetu, na asubuhi yetu ilikuwa na harufu. Nikaenda kabatini nikatoa iliki.

Nilimwita aje aseme kiasi. Alikuja na mkongojo wake, akaponda iliki kwenye kinu kidogo, akaniambia maji ya kukandia nipunguze, niweke tui jepesi kidogo mahali pake. "Sukari usiniwekee," akasema, "na usiniangalie hivyo, nimesema usiniwekee." Kijana wa bara alitoka kazini akakuta tunakanda, akanusa.

"Mzee, brown bread na iliki? Chef akiona hii atanifuta kazi."

"Chef wako hakuoa kwetu," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi nilikaa kibarazani na chai yangu. Sikumwita. Nilikwisha jifunza kitu kimoja. Mkate ulikuwa mezani umefunikwa kawa, na harufu ya iliki inatoka pembeni. Nikasikia mkongojo. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, chai isiyo na sukari, akakaa upande wake, akafunua kawa, akashika kisu.

"Uliukata ungali moto jana," akasema. "Angalia ulivyovurugika. Mkate unangojwa upoe."

"Sawa," nikasema.

Akala kipande kimoja, na mbaazi kidogo. Akafunika. Akaniambia nani kajifungua. Nikamwambia nani kajenga vibaya, akasema anamjua mmoja.

Sisemi mkate ulikausha kidonda. Sijakuwa mganga uzeeni. Dawa alimeza, kidonda kilioshwa na kufungwa, hospitali hatukukosa. Ninachosema ni kwamba mahamri aliyaacha, na hakuyaacha kwa amri yangu, wala kwa hofu ya mguu wa mama yake. Aliyaacha kwa kuwa alikuwa na kitu cha kuketi nacho. Sukari ikaanza kushuka. Kidonda kikaacha kutoa maji, kikafunga pembeni, kikafunga katikati. Siku daktari aliyekunja uso alipokifungua na kusema sasa hakihitaji kufungwa tena, mke wangu hakusema naam daktari. Alimuuliza kama anaweza kuvaa ndara zake. Daktari akasema avae viatu vinavyofunika vidole, asitembee peku, aangalie miguu yake kila siku.

Nilimnunulia viatu. Siku ya kwanza kuvivaa aliniomba mkate mmoja mzima, akaufunga kwenye kanga. Nikamuuliza anaupeleka wapi. Akatoka tu. Nikamfuata mpaka kwenye kona ya ukuta wangu nikasimama hapo, sikukaribia zaidi.

Alikwenda nyumba ya tatu, kwa muuza mahamri, bila mkongojo. Wateja walikuwa wamesimama na visahani vyao. Nikamsikia yule mwanamke anasema, "Wewe, ulinikimbia. Mumeo alinipiga marufuku."

Mke wangu akafungua fundo la kanga, akamwekea mkate mkononi mbele ya watu wote.

"Onja wa kwangu," akasema. "Huyo mume ni mkandaji tu."